Nilimfundisha mjukuu wangu asiitike akiitwa, ili masika yapite

Wakuu, habari za mchana. Mnaoniamkia, marahaba. Wa rika langu, tupeane pole za magoti.

Humu mimi ni msomaji zaidi ya kuwa mwandishi. Haya yamenitokea mwenyewe, na pale nilipodanganya watu nitasema nilidanganya. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Ninaishi Kilosa, upande wa bondeni, karibu na reli. Nilimaliza kidato cha nne nikaingia kazi ya genge la reli mpaka nikastaafu. Genge ni lile kundi la watu wanaotembea na njia kubadilisha mataruma yanayolala chini ya reli, kukaza nati na kujaza kokoto. Mke wangu ametangulia. Nina binti mmoja, Hadija, anayepika chakula Mikumi kwenye maegesho ya malori kando ya barabara kuu.

Masika ya mwaka jana Hadija aliniletea mwanawe, Tausi. Alikuwa na miaka miwili na nusu.

"Baba, nakuachia huyu mpaka mvua ziishe," aliniambia. "Kule chumba changu kinavuja, na malori yanageuzia mlangoni. Usimwache atoke mvuani, kifua chake si kizuri."

Nikamjibu, "Nimekulea wewe, nitashindwa na huyu?"

Wakuu, aliyemlea Hadija ni mama yake. Mimi nilikuwa relini. Nilikuwa narudi mwisho wa mwezi na mkate, mtoto ananikimbia kama mgeni.

Tuendelee.

Najua wadau wa Makete na Njombe mtacheka nikisema Kilosa kulikuwa na baridi. Lakini mvua ikipiga wiki nzima, sakafu inatoka maji, godoro linanuka uvundo, na nguo ukiianika Jumatatu unaivaa Alhamisi ikiwa bado mbichi. Hiyo ni baridi ya namna yake. Na ndani ya nyumba ya vyumba viwili una mtoto ambaye kazi yake ni moja tu, kutafuta mlango.

Mbele ya nyumba yangu kuna mtaro. Kiangazi kuku wanalala humo. Masika unabeba magogo. Tausi aliupenda mtaro ule kuliko kitu chochote duniani.

Nilijaribu mengi. Nilimwekea katuni kwenye simu, bando likaisha siku ya pili. Nikamfungia magunzi vitambaa yakawa wanasesere, akayatupa mtaroni kisha akalia kuyafuata. Nikampa maharage ahesabu, moja likaingia puani, tukashinda zahanati. Nesi akaniuliza, "Babu, na wewe ulikuwa unahesabu?" Foleni nzima ikacheka.

Basi siku moja mvua kubwa ikapiga bati, kelele tupu, Tausi akaogopa. Nikamwambia, "Hiyo ni treni inapita."

Hapo ndipo mchezo ulipoanza.

Niwaeleze kidogo kuhusu kazi ya genge. Mkiwa darajani na treni inakuja, kuna vijisehemu pembeni vya kujibanza. Unaingia, unabana, hutikisiki. Na sheria ilikuwa moja: unamsikiliza nyapara peke yake. Hata kama mwenzako anakuita, hata kama mtu anapiga kelele "toka, toka," wewe hutoki wala huitiki, maana watu wakiita kila mmoja lake, mtu anaingia njiani na anakufa. Treni ikimaliza kupita, nyapara anasema, "Njia nyeupe!" Hapo ndipo unatoka.

Sheria ile iliniweka hai miaka yangu yote ya kazi. Nikamfundisha mtoto wa miaka miwili na nusu.

Nilikuwa na magunia ya mpunga yamepangwa chumbani juu ya chaga, na kati ya magunia na ukuta kulikuwa na upenyo wa kumtosha yeye. Mvua ikianza kupiga bati, nasema "Treni!" Tausi anakimbia kwenye upenyo anajibanza. Naita kwa sauti ya mwanamke, "Tausi, njoo uchukue andazi!" Kimya. Naita kwa sauti ya mwanamume, "Tausi, mama amekuja!" Kimya. Nikisema "Njia nyeupe," anatoka mbio, ananirukia, tunacheka mpaka tunakohoa.

Akiitika kabla ya neno, ameshindwa. Baada ya wiki mbili akawa hashindwi tena.

Hadija akipiga simu nilijisifu. "Mwanao ametulia, hata mlango hautazami."

"Baba, umemfanyaje?"

"Hizo ni siri za kazi."

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe, maana mpaka hapa mnaweza kunihurumia.

Niligundua kwamba Tausi anaweza kukaa kwenye upenyo muda mrefu. Mara nyingine alisinzia humo humo. Nikaanza kuondoka. Kwanza dakika tano, nafuata sukari. Halafu nikawa nafika kijiweni kunywa kahawa. Mwisho nikawa nakaa kucheza drafti. Nasema "Treni!", anaingia, mimi nachukua mwavuli natoka. Mlango naurudisha tu.

Najua kuna mdau atauliza kwa nini sikumwachia jirani. Mkuu, ningemwachia jirani ningelazimika kusema ninakokwenda. Mzee mzima, mjukuu nyumbani, anakwenda kucheza drafti. Niliona aibu. Hilo ndilo jibu, sina lingine.

Siku yenyewe ilikuwa mchana baada ya adhuhuri. Mvua kwetu ilikuwa ya kawaida tu, lakini milimani ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Wenyeji wa Kilosa mnajua, mto Mkondoa haujazwi na mvua ya kwetu.

Nilikuwa na kete tatu, mwenzangu mbili. Mtu akapita anakimbia amebeba godoro kichwani. Akatupigia kelele, "Wazee, maji hayo! Nyie mnacheza?"

Nilisimama nikaangusha ubao. Toka kijiweni mpaka kwangu ni mwendo wa dakika saba. Siku hiyo maji ya kahawia yalikuwa yananisukuma ubavuni, chini sioni, kiatu kimoja kikaondoka. Njiani nikakutana na jirani yangu, Mama Asha, anatoka na wanawe na ndoo ya nguo.

"Mama Asha, Tausi yuko wapi?"

Akanishangaa. "Si uko naye?"

"Hukumwona?"

"Baba, nimeingia kwako mpaka chumbani. Nimemwita mpaka sauti imekauka. Nikasema basi babu yake kamchukua."

Nikampita nikaelekea nyumbani.

Alikuwa ameingia mpaka chumbani, na Tausi alikuwa humo humo. Alimsikia akiita, naye akafanya kama nilivyomfundisha.

Maji ndani ya nyumba yalikuwa juu kidogo ya magoti yangu. Sufuria zinaelea. Gunia la chini lilikuwa limeshalowa na kuvimba, rundo limeegemea ukuta, upenyo umekuwa mwembamba kama mlango wa kuku. Nikatazama, giza. Nikaita, "Tausi!" Kimya. "Tausi, mama, babu huyu hapa!" Kimya.

Wakuu, nilisahau neno. Nilisimama pale naita jina lake kama mpumbavu, nikiamini amekufa, na yeye yuko mkono mmoja kutoka kwangu anasubiri.

Ndipo nikakumbuka. "Njia nyeupe!"

Kidole kikatokea kwanza. Nikasukuma gunia kwa bega nikamvuta. Maji yalikuwa yamemfika kifuani. Midomo imekuwa ya kijivu, meno yanagongana, ameng'ang'ania kamba ya gunia hata nilipombeba hakuiachia, ikabidi niikate.

Akaniambia, "Babu, teni ndefu leo."

Nikamweka begani nikatoka naye.

Tulilala kwenye madarasa ya shule na watu wengine waliofurikiwa. Siku ya tatu kifua kikambana, tukapelekwa hospitali, homa ya mapafu. Hadija akaja kutoka Mikumi na nguo za kazini, ananuka vitunguu. Akanisalimu, "Shikamoo baba," kisha akaniuliza ilikuwaje.

Nikamwambia nilikuwa chooni, uani, maji yakaingia ghafla.

Aliniamini. Akanishika mkono akasema, "Pole baba, ungekufa na wewe."

Uongo huo ulikaa siku nne. Siku ya tano muuza kahawa wa kijiweni akaja kutupa pole pale wodini, mtu mwema, hana baya. Akakaa kwenye benchi akamwambia Hadija, "Dada, mzee wako alituacha drafti katikati! Na alikuwa anashinda!"

Hadija aliinuka. Alimmiminia chai, akamshukuru, akamsindikiza mpaka mlangoni. Aliporudi akaniuliza neno moja tu.

"Drafti?"

Nikasema, "Ndiyo."

Alipotoka na mwanawe hospitali walipanda basi la Mikumi moja kwa moja. Tangu siku ile Hadija hajaniamkia. Nyie wa mijini mnaweza kuona ni dogo. Kwetu mtoto asipokupa shikamoo, hata majirani wanajua ndani kuna nini.

Nilidhani adhabu yangu ndiyo hiyo. Haikuwa.

Vuli ilipoanza, simu ikaita mchana. Hadija. Nikafurahi mpaka nikaidondosha. Nilipopokea nikasikia mvua, injini ya lori, na yeye analia.

"Baba, Tausi haonekani. Mvua imeanza, sijamwona tena. Nimeita kila mahali. Baba, kuna barabara hapa!"

Nikamwambia, "Weka spika. Tembea nayo."

Akatembea maegesho yote ameinua simu juu, na mimi Kilosa, nimesimama katikati ya chumba, napiga kelele "Njia nyeupe! Njia nyeupe!" kama kichaa. Mama Asha alikuja dirishani kunitazama.

Alitokea chini ya lori. Alikuwa amejibanza kati ya matairi ya nyuma; kwake mvua peke yake ilishatosha kuwa treni. Dereva alikuwa ameshawasha injini. Alichelewa kuondoka kwa sababu alikuwa anamalizia kula, na chakula chenyewe alikipika Hadija.

Kuanzia hapo kila mvua ikiwakuta nje ya nyumba simu yangu inaita. Hanisalimu. Anasema, "Baba, sema." Nasema. Nasikia vijiguu vinakimbia kwenye matope. Simu inakatwa.

Hadija amejaribu kulisema neno yeye mwenyewe, Tausi hatoki. Amerekodi sauti yangu, nayo haifanyi kazi, anasema mtoto anaisikiliza kisha anangoja ya kweli. Nilimfundisha vizuri mno.

Mwezi uliopita Hadija alipiga simu siku ya jua. Akasema, "Baba, uje uufute mchezo wako." Nikapanda basi kupitia kijiji chetu cha Ulaya, nimebeba mihogo na aibu yangu.

Nilikuwa na mpango. Niliona tugeuze, mimi nijifiche, yeye aniite, na kila akiita niitike, ili aone kwamba anayeitika hapati dhambi.

Nikajificha nyuma ya kreti za soda. Akaita, "Babu!"

"Naam!"

Akaja amekunja uso. "Babu, usiitike! Umeshindwa."

"Nimeshindwa, mama. Lakini si umenipata?"

"Hujui kucheza."

Siku tatu nilishindwa. Nilishindwa nyuma ya mlango, nyuma ya tangi la maji, ndani ya kanga za mama yake. Wateja wakawa wanamtania, "Tausi, huyu babu yako mtafutie timu nyingine." Alicheka mpaka akagaagaa chini. Siku ya tatu mimi nilimwita jina, kwa majaribio, akasema "Abee!" mara moja, tena kwa sauti. Hadija alikuwa anakatakata nyanya. Kisu kikasimama. Hakunitazama, lakini nilimwona anafuta macho kwa kiwiko.

Siku ya nne mvua ikanyesha.

Ilianza ghafla, bati likapiga kelele. Nilipogeuka Tausi hayupo. Hadija akaacha mwiko ndani ya sufuria akatoka mlangoni.

"Tausi!"

Kimya.

"Tausi, mama anakuita!"

Kimya. Malori mawili yalikuwa yanarudi nyuma kugeuza, taa zinawaka.

Nilikuwa na neno mdomoni. Nikalizuia. Nilitaka aitike mwenyewe, nilitaka sana, kwa ajili yake na kwa ajili yangu. Nikaita, "Tausi!" kama nilivyomwita jana yake. Nikasubiri.

Hadija akanigeukia amelowa. "Baba, sema."

"Tungoje kidogo, ataitika..."

"Baba! Sema basi!"

Nikasema.

Akatoka nyuma ya tangi la maji, amejaa tope, anatabasamu, anangoja nimsifu.

Nilirudi Kilosa kesho yake. Naandika haya simu ikiwa kwenye chaji. Haishuki chini ya nusu, na sitoki nyumbani ikinyesha Mikumi. Kijiweni sijakanyaga tena. Nina miaka sabini na mbili na nina sukari, na ninaogopa siku itakayopigwa nisiwepo wa kupokea.

Funzo langu si kwamba msicheze na watoto. Chezeni nao. Ila ukimpa mtoto mchezo ili apate raha, jiulize kama si wewe unayetafuta nafasi ya kutoka. Mimi niliita mchezo, kumbe nilikuwa natengeneza kufuli, na ufunguo nikauweka kwenye koo la mzee.

Walimu wa chekechea, manesi, wazazi mliowahi kumfundisha mtoto jambo kisha mkahitaji kumfundua, semeni hapa chini. Matusi pia yaandikeni, nitayasoma yote. Ila mwenye njia anisaidie kwanza. Huku mawingu yameanza kukaa upande wa Mikumi.