Mama Amekula

Marehemu mume wangu hakuwa na nyumba ndogo. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililosemwa jikoni kwangu, watu wakinywa chai yangu, kabla hata viti vya msiba havijarudishwa.

Chanzo ni wifi yangu, dada yake marehemu, ambaye simchukii. Jumapili moja ya zamani alikuwa mgeni wetu, akamsikia kaka yake akiongea kwenye simu: "Mama amekula? Usimpe cha baridi, mpashie kwanza. Basi nakuja mwenyewe." Kisha kaka akavaa shati safi, akatoka. Wifi aliyaweka moyoni maneno hayo miaka kumi na moja, akaja kuyamwaga msibani.

"Mimi sisemi kitu," aliwaambia wanawake wenzake, na mtu akianza hivyo ujue atasema vyote. "Lakini kaka alikuwa na mama mwingine wa kulisha."

Mume wangu alikuwa fundi wa maabara katika taasisi inayotafiti saratani. Kazi yake, kwa miaka ishirini na miwili, ilikuwa kulisha seli. Seli za uvimbe hukuzwa katika chupa bapa za plastiki, ndani ya kabati lenye joto la mwili wa mtu, zikiwa zimefunikwa na maji mekundu ambayo ndiyo chakula chake. Maji yakigeuka manjano, zina njaa. Ukizipa chakula cha baridi, zinashtuka. Wala hazijui Jumapili ni nini.

Miongoni mwa seli hizo zimo chache zinazoitwa seli shina. Dawa huua zile nyingine. Hizi hujikunyata, kisha huzaa uvimbe upya. Kwa sababu ya kuzaa huko, maabara nzima iliziita mama. Ndani ya seli hizo, mume wangu alinieleza siku moja tukichambua mchele, zimo protini zinazowasha na kuzima jeni. Yeye aliziita wanyapara.

"Dawa tulizonazo zinafukuza vibarua, Mwalimu," alisema, akisogeza punje kwa kidole. "Mnyapara anabaki, kesho anaajiri wengine. Sisi tunamtafuta yeye." Mnyapara akinyamazishwa, seli inasahau umama wake, inakuwa seli ya kawaida, inazeeka, inakufa.

Nimefundisha Kiswahili sekondari miaka thelathini, na kosa la mume wangu lilikuwa moja: ngeli.

"Seli imekula," nilimsahihisha. "Si amekula. Seli si mtu."

"Kinachonitoa nyumbani Jumapili kwa njaa ni mtu," alijibu. "Ngeli zako zije zinisaidie kuosha chupa."

Laiti ningemkazania. Angesema "imekula", wifi angedhani ni mashine, akaendelea na chai yake.

Kisha akaugua mwenyewe, saratani ya utumbo. Kabla ya upasuaji aliandika idhini kwamba kipande cha uvimbe kipelekwe maabara kwake. Hakuruhusiwa kukigusa. Mwenzake wa kazi, dada mmoja mpole mwenye miwani minene, ndiye aliyekilisha, na kila jioni mume wangu alimpigia simu kutoka kitandani: "Wangu wamekula?" Baada ya upasuaji aliishi mwaka na miezi mitatu.

Wiki moja baada ya maziko dada huyo alinipigia. "Mama, za mzee bado ziko hai. Tunataka kuzijaribia dawa ya wanyapara. Idhini yake ilikuwa ya kuzikuza tu, kwa hiyo hati inataka saini yako." Wifi alikuwa kando yangu, sikio limesimama. Aliyosikia ni "za mzee" na "hai".

"Wifi, ungeniambia mapema," alinong'ona. "Damu yetu hatuitupi. Mtoto ana umri gani?"

"Vaa viatu," nilimwambia. "Twende ukamwone."

Kule maabara wifi alikaza jicho kwenye hadubini kwa muda mrefu. "Mbona hana sura?" akauliza. Dada wa maabara akacheka, wifi akacheka, kisha wifi akalia, nami nikampa kitambaa changu.

Nilipotazama mimi, niliona vitu vidogo vyenye ncha, vimeshikana kama watu wanaopiga soga. Hivyo ndivyo vilivyomuua. Hivyo pia ndivyo vyake pekee vilivyobaki hai. Dawa ikifaulu, vitakufa, ikishindwa, vitaishi. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na sikuwa na haraka.

Kazi ile ilikuwa imemwachia mazoea. Hakunipa kitu kikiwa baridi. Kijiko, funguo, hata miwani yangu ya kusomea, alivishika kwanza viganjani, kisha ndipo akanipa. Tangu aondoke, miwani yangu ni baridi kila asubuhi, na huwa naishika kwanza, nikingoja, kama mjinga.

Nilitia saini. Alimtafuta mnyapara miaka ishirini na miwili. Nisingemfichia mnyapara wake.

Siku ya kumi na tisa dada akapiga simu: zimeacha kugawanyika, zinaanza kuzeeka. Alinionya kwamba chupa moja si tiba. Najua. Nilikwenda peke yangu, nikaomba kuishika. Ilitoka kabatini na joto lake, na ilipoanza kupoa niliikumbatia kwa viganja vyote viwili. Dada, kwa adabu yake, akajifanya anatafuta kitu chumba cha pili.

Niliiambia chupa ile sentensi moja. Wifi ameniuliza ilikuwa ipi, jirani ameniuliza, na mmoja wenu ataniuliza kwa ngeli gani. Mume wangu alikuwa mtu safi, na hilo nimelieleza. Lililobaki sisemi.