Vidole vya Macho Kumi

Walimpachika jina la Macho Kumi enzi zile alipokuwa akipita kando ya gari na kutaja ugonjwa wake kabla boneti haijafunguliwa. Sasa macho yenyewe yalikuwa yameingia ukungu, na jina limebaki kama koti la marehemu, kubwa na halina wa kulivaa. Kazi ilihamia vidoleni. Binti yake, ambaye siku hizi ndiye aliyekuwa akifungua na kufunga gereji, alikwishaambiwa: "Siku vidole hivi vikinidanganya, naondoka mwenyewe. Sitaki kusukumwa."

Mjane mmoja wa fundi cherehani akaleta gari la mumewe, kuukuu hadi kutu yake ilikuwa na heshima. Silinda hedi, lile pande la chuma linalofunika injini kwa juu, ilikuwa imepasuka. Alitaka kulisikia gari likiunguruma tena kama zamani.

Macho Kumi akainama, akapapasa.

"Bapa kama sinia. Juu hakuna kitu ila plagi. Basi valvu ziko ubavuni, ndani ya bloku, mwilini mwa injini. Zingekuwa juu, ningegusa kofia ya bati inayozifunika."

"La mwaka gani, baba?"

"Bibi haulizwi umri, binti. Anaulizwa ukoo."

Mjane akacheka, kisha akajishangaa kwamba amecheka.

Ukoo ule ulikuwa na hedi mbili zilizofanana kama pacha, zikitofautishwa na namba iliyoumuka kwenye chuma. Mzee akaisoma kwa ncha ya kidole, chini ya matabaka ya rangi. Mwishoni, tatu. Binti akaagiza bila kuhakiki. Tangu lini vidole vya baba vikahakikiwa?

Hedi ilipofika, tundu moja la maji halikukutana na la bloku. Binti akaikwangua rangi ile hedi ya zamani. Nane, si tatu.

"Baba, wauzaji wametuletea siyo."

"Wakora hao!" Kisha mzee akanyoosha mkono. "Hebu nipe gasketi iliyotoka."

Akailaza gasketi, kile kizibo chembamba cha kati ya hedi na bloku, juu ya hedi mpya, akafuata tundu moja baada ya jingine. Kidole kikagota chuma. Akaomba na hedi ya zamani, akaigusa namba. Rangi haikuwepo tena.

"Umekwangua."

"Ndiyo, baba."

"Halafu ukanifunikia kosa."

Binti akaichukua hedi mpya, akairudisha kwenye boksi lake.

"Asante, mama. Ila usirudie."

Hedi sahihi ilipopatikana, binti ndiye aliyekaza bolti, kuanzia katikati kwenda pembeni, kama alivyofundishwa. Macho Kumi alikaa benchi la wateja, mahali ambapo hakuwahi kukaa, mikono imelala mapajani kama vyombo vilivyooshwa. Injini ikaunguruma. Mjane akajifunika uso kwa kitambaa.

Binti akageuka, akamtazama baba yake, akingoja neno.

"Unanitazamia nini?" mzee akasema taratibu. "Mwenye gari huyu hapa. Muulize yeye."