Pete Nyeusi ya Hamira

Kiwandani walikookea mikate walimwita Hamira, na si kwa ajili ya unga. Alikuwa mtu wa kuumuka polepole. Ukimtania asubuhi, anacheka jioni. Ukimuudhi leo, ananuna wiki ijayo, wewe umeshasahau. Hata mapenzi yalimjia hivyo hivyo. Alikuwa ameshavuka arobaini alipomposa muuguzi wa chumba cha dharura, mwanamke mcheshi ambaye mtaa mzima ulimwita Sista. Hamira naye akamwita Sista, maana jina jingine lolote lilimkaa vibaya mdomoni.

Siku ya posa Sista alimvisha pete ya rangi ya dhahabu. "Hii ya kujizoeza," alimwambia. "Isije ikawa mzigo siku yenyewe."

Mazoezi hayakufika mbali. Asubuhi moja Hamira alimaliza kukanda donge la mwisho, akanawa mikono, akatazama kidole: pete hakuna. Wenzake waliacha kazi wakaanza kupasua mikate iliyokwisha kuiva, mmoja baada ya mwingine, mpaka meza ikawa kama imevamiwa na kuku. Hawakuona kitu. Pete ililetwa mchana na mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili, imefungwa kwenye leso.

"Nimeiuma," alisema mwalimu kwa utulivu. "Jino lipo. Ila mke wangu sasa anataka kujua ni mwanamke gani ananitumia pete ndani ya mkate."

Mwenye kiwanda alimshauri Hamira awe anaivua kabla ya kukanda. Hamira akakataa katakata. Kwanza alijijua: alishawahi kusahau viatu kazini akarudi nyumbani na malapa ya mtu. Pili, na hili hakumwambia yeyote, alikuwa amekaa kapera muda mrefu mno. Akishavishwa, hakutaka kidole kikae uchi hata kidogo. Alichotaka ni pete nyeusi. Unga ni mweupe, kwa hiyo pete nyeusi ikichopoka itaonekana kama nzi kwenye maziwa.

Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao afariki na ambaye sasa alikuwa ameikamata harusi yote mkononi, hakutaka hata kusikia.

"Nyeusi? Wewe unaoa au umefiwa?"

"Ni rangi tu, dada."

"Hata masizi ni rangi tu. Mbona huyapaki usoni?"

Hamira akaenda kwa sonara peke yake. Sonara alikuwa mzee mwembamba aliyezipenda pete zake kiasi kwamba kila aliyoitoa aliisifu kama baba anayeoza binti. Akatandika kitambaa, akazipanga, akasema, "Kazi yako ni ya mikono, bwana. Nenda ukazijaribu hukohuko. Ikikushinda, rudisha."

Ya kwanza ilikuwa ya chuma kilichopakwa weusi. Kabla ya adhuhuri ule weusi ulikuwa umeanza kubanduka, na mama mmoja alirudisha mkate wake akidai kwamba yeye hakuagiza wa mbegu. Ya pili ilikuwa ya kauri, inang'aa kama jicho la paka. Hamira aligonga mkono kwenye ukingo wa trei ya chuma, mara moja tu, pete ikawa vipande viwili. Sonara alivipokea kwa mikono yote miwili, akavifunika kwa pembe ya kitambaa.

Ya tatu ndiyo iliyomteka moyo. Ilikuwa ya mpingo, nyepesi, laini, na kidoleni ilikaa kana kwamba imezaliwa hapo. Hamira alikanda nayo siku nzima huku akiimba. Lakini mti ulikunywa maji, kidole nacho kikavimba kwa joto la tanuri, na alipotaka kuivua akanawe, haikutoka. Alijaribu sabuni. Alijaribu mafuta ya kupakia trei. Wenzake wawili walimshika kiunoni, wa tatu akavuta. Kidole kilipoanza kuwa na rangi ya biringanya, alitoka mbio hadi hospitali akiwa na unga mpaka kwenye nyusi.

Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi walidhani ameanguka kwenye saruji. Sista alimtazama, akatazama kidole, akamkalisha.

"Imekuingia lini?"

"Asubuhi. Ilikuwa inanipenda."

Sista akachukua uzi, akapenyeza ncha yake chini ya pete, akauzungusha kwenye kidole kwa kubana mpaka kupita kiungo cha kati, kisha akaanza kuufungua kutoka upande wa chini. Pete ikapanda taratibu. Hamira akalia kwa sauti ambayo hakujua anayo. Mtu mmoja aliyevunjika mkono alicheka mpaka maumivu yakamnyamazisha.

Pete ilipotoka, Hamira alifuta machozi akasema, "Sonara anayo nyingine, ya tungsteni, chuma kigumu ajabu. Haikwaruziki, haipindi, hainywi maji."

"Hiyo ndiyo sitaki kabisa," alisema Sista. "Dhahabu naikata na kijisumeno chetu. Tungsteni haikatiki, mpaka uibane na koleo ipasuke, na mgonjwa akiliona koleo anazimia kabla hujamgusa. Mimi nataka pete ninayoweza kukuvua."

"Hatujaoana, umeshaanza kupanga kunivua?"

"Nataka kidole kibaki, bwana wee. Pete nitakutafutia nyingine. Kidole nitakitoa wapi?"

Hamira aliondoka amenuna. Kesho yake, akiwa katikati ya kubeba gunia, maneno yale yalimfikia sawasawa, akaangua kicheko peke yake mpaka akalitua.

Mwisho wa wiki walienda kwa sonara pamoja. Sista alipita juu ya pete zote zilizotandikwa, akanyoosha kidole kwenye kisahani pembeni. Humo mlikuwa na pete nyeusi za silikoni, za mpira mtupu.

"Hizo siziweki hata kwenye kitambaa," alisema sonara kwa aibu. "Ni za wacheza mpira."

Sista aliivuta moja, ikavutika, akaikunja, ikarudi. Akamvisha Hamira, akamvua, akamvisha tena. "Hii," alisema.

Dada alipoonyeshwa aliigeuzageuza kwenye mwanga. "Wifi yangu, hii ni washa ya bomba, ile raba ya kuzuia maji," alisema. "Bomba letu la uani linayo." Mwishowe alikubali kwa sharti kwamba itawekwa kwenye kikasha cha mahameli, naye ndiye atakayekibeba.

Siku ya ndoa alikibeba kama kimejaa almasi. Sista aliitoa pete, akaitanua ili imwingie Hamira, ikamponyoka, ikaruka, ikatua ndani ya glasi ya maji ya mfungisha ndoa. Dada akafumba macho. Mfungisha ndoa, mtu mnene na mpole, aliitoa kwa kalamu, akaivutavuta kwa udadisi.

"Samahani," alimwuliza bwana harusi kwa sauti ya chini ambayo watu wote waliisikia, "hizi zinapatikana wapi? Yangu haijatoka tangu niwe na mwili huu."

Aliyecheka wa kwanza alikuwa dada, na alipoanza hakukamatika tena. Ilibidi apewe ile glasi ya maji anywe.

Baadaye, kwenye chakula, shangazi mmoja alimwinamia dada akamwuliza kwa nini mdogo wake amevishwa mpira. Dada alijiweka sawa kwenye kiti.

"Hiyo ni pete ya kitaalamu," alisema. "Imechaguliwa hospitali."