Leso Katikati ya Gari

Petroli ikichanganyika na moshi wa kuni, hata leo, hunirudisha kwenye kiti cha nyuma cha teksi ya Shabani. Petroli ilikuwa ya gari. Moshi ulikuwa wa nguo za kukhu, mama yake mama, aliyekaa kando yangu ameshika mlango kwa mikono miwili kama mtu anayezuia ng'ombe. Uhuru ulikuwa bado mpya, bendera za karatasi zilikuwa hazijachakaa kwenye maduka ya Kakamega, na watu walikuwa wameanza kusema wanataka kuiona nchi yao. Kukhu naye alisema. Macho yake yalikuwa yanaingia ukungu, kila mavuno zaidi ya yaliyopita, na alitaka kuliona ziwa la Kisumu na meli zake kabla hajawa kipofu kabisa. Alimwambia mama, mama akamwambia baba, na baba, fundi seremala asiye na hata baiskeli ya maana, akakodi gari la siku nzima. Sikusoma sana na kumbukumbu yangu si ya kuapia, lakini kuhusu gari nina hakika: lilikuwa jeusi, na viti vyake vilinata mapajani.

Shida ilikuwa moja. Kwetu mtu na mama mkwe wake walikuwa hawaonani uso kwa uso. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakikaribiana njiani mmoja anaingia shambani mpaka mwenzake apite. Haikuwa chuki, ndiyo ilikuwa heshima yenyewe. Sasa watu hao utawapakia vipi katika gari moja? Baba hakuweza kubaki, maana Shabani alikuwa mtu wa Mumias tusiyemjua, na baba hakutaka kumwachia watu wake. Mama ndiye aliyepata dawa. Alitundika leso yake ya kujifunga nyuma ya viti vya mbele, toka dirisha hadi dirisha, akaibana kwa vioo. Baba akaingia mbele, kofia imeshuka mpaka puani. Sisi watatu tukakaa nyuma, tukitazama maua ya leso.

"Dereva," kukhu alisema tulipopita Chavakali, "ambia huyo mwenye safari asante."

"Mama, anakusikia. Masikio yake si ya kukodi."

"Mimi nimekutuma wewe."

Shabani akamgeukia baba. "Bwana, unaambiwa asante."

Baba akakohoa. "Mwambie si kitu."

"Anasema si kitu. Wallahi, nimeendesha gari miaka, leo ndiyo nimekuwa posta!"

Mama alicheka mpaka leso ikatikisika. Kukhu hakucheka, au labda alicheka kwa ndani. Alikuwa amegeukia dirishani, sikumwona vizuri.

Kisha barabara ikamaliza vilima vya Maragoli, ikaanza kuteremka, na Shabani akapiga kelele, "Ziwa hilo!" Kukhu akainua kichwa. Mbele yake kulikuwa na maua ya leso. Kulia mahindi, kushoto mawe makubwa. "Liko wapi?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeanza kuogopa kwamba macho yamekwisha tayari. Sisi wote na akili zetu, hakuna aliyefikiria kwamba ziwa lingekuja kwa mbele.

Baba alimwambia Shabani asimamishe gari, akafungua mlango. Akaenda nyuma ya jiwe moja kubwa, akakaa, mgongo ameupa ziwa.

"Bwana, ziwa liko huku!" Shabani akamwita. "Huko unatazama mbuzi za watu!"

"Toa leso," baba akajibu bila kugeuka.

Mama akaivuta leso. Kukhu akatazama kwa muda mrefu, mdomo wazi kidogo. "Ni kama bati jipya," akasema. "Na ile nyeusi ni meli?" Mama akasema ndiyo. Mimi sikuiona meli, ila nilikuwa mfupi, kwa hiyo siwezi kusema haikuwepo. Kukhu akashusha kioo, akatoa kichwa nje, na safari hii hakumtuma mtu: "Nimeliona!"

Nyuma ya jiwe, kofia ikainuka juu, ikashuka.

Nyumbani husimuliwa kwamba siku hiyo baba alikosa ziwa. Si haki kusema hivyo. Alishawahi kufanya kazi Kisumu, ziwa alilijua. Alichokosa ni uso wa kukhu.

Mwaka jana mkwe wangu, mume wa binti yangu, alinipeleka Kisumu kumwonyesha daktari macho yangu. Nilikaa mbele, kando yake, na mkanda akanifunga mwenyewe. Zamani hilo lingekuwa la kuitia wazee. Sisemi zamani ilikuwa bora; mama aliishi akibeba maneno kati ya watu wawili aliowapenda, na alichoka. Tulipofika kwenye ule mteremko nikamwomba asimame. Alinitazama usoni, kijana mzuri, akauliza, "Unaliona vizuri, mama?" Nikasema naliona. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimegeukia upande wa pili, natafuta lile jiwe.