Raundi Tano kwa Mtindo wa Poland

Poland niliileta mwenyewe katika chama chetu cha mazishi, wala sikutumwa na mtu. Mimi ni mwalimu wa historia, na sisi walimu wa historia tuna ugonjwa wa kudhani kila jambo limeshatokea mahali fulani.

Chama ni cha watu wa kwetu magharibi wanaoishi mitaa ya Eastlands. Mwanachama akifa tunamsafirisha nyumbani, na mwenyekiti ndiye anayesimama kaburini kusema kwa niaba ya watu wa Nairobi. Ndiyo maana kiti hicho hugombaniwa. Zamani tulichagua kwa mlolongo, kila mtu nyuma ya mgombea wake, na watu walinuniana hadi Krismasi kwa sababu ya nani alisimama nyuma ya nani.

Katika kitabu kikuukuu nilichonunua katika soko la Gikomba, nilikuwa nimesoma jinsi wabunge wa Poland walivyomchagua rais wao mwaka 1922. Kura ilikuwa ya siri, wagombea watano, na kuanzia raundi ya pili aliyeshika mkia alitolewa, mmoja mmoja, mpaka wakabaki wawili. Nikapendekeza tufanye hivyo. Wakakubali, nadhani kwa uchovu tu. Kura tulizitia katika sufuria ya ugali yenye kifuniko.

Mzee mmoja mstaafu wa reli, mwenye nyumba za kupangisha kule mtaa wa Fedha, aliongoza raundi ya kwanza kwa mbali. Shemeji yangu, mjane wa kaka yangu, alikuwa wa nne kati ya watano. Yeye ni mzaliwa wa Ukambani, anauza nguo za watoto Gikomba, na alipendekezwa na akina mama walioolewa kwetu kama yeye. Kila mgombea alipotolewa, kura zake zilimwendea shemeji. Raundi ya tano akamshinda mzee.

Nikayasoma matokeo. Kisha mtu akasema kutoka nyuma, "Huyu hatujamchagua sisi. Amechaguliwa na wageni. Sasa ataongea nini kwa kaburi zetu?"

Maneno hayo niliyajua. Rais yule wa Poland, mhandisi wa mambo ya maji, naye alianza wa nne akashinda raundi ya tano, na miongoni mwa waliompigia kura walikuwa Wayahudi, Wajerumani na Waukraine wa humo nchini. Wengine wakasema si rais wao. Siku ya kuapishwa alirushiwa mabonge ya theluji njiani. Siku chache baadaye alikwenda kutazama maonyesho ya picha, akapigwa risasi mgongoni.

Wiki hiyo nikasikia kwamba wanaume fulani wameapa shemeji hataingia ukumbini Jumapili kuongoza mkutano wake wa kwanza. Nikaenda kibandani kwake kumshauri ajiuzulu. Nilimsimulia yote, hata theluji. Yeye aliendelea kukunja suruali.

"Shemeji," akaniuliza, "na wale walimpigia kura, siku ya theluji walikuwa wapi?"

"Wengine walizuiwa barabarani. Wengine walikaa nyumbani."

"Bwanangu amelala kule kwenu. Mtu akisema siwezi kuongea kwa kaburi zenu, hata ya bwanangu ameihesabu." Akaweka suruali juu ya nyingine. "Na wewe, Jumapili utakuwa wapi?"

Nikasema nina mitihani ya kusahihisha. Ilikuwa kweli, na bado niliona aibu.

Jumapili niliiacha mitihani, nikaenda naye kwa miguu. Wanaume watatu walikuwa mlangoni, mikono kifuani. Akawasalimia wote, "Habari ya asubuhi, mashemeji." Wawili wakasogea. Wa tatu akabaki palepale, shemeji yangu akageuka ubavu, akasema "Nipishe, shemeji," akapita.

Ndani, mzee wa reli alikuwa ameshaketi mstari wa mbele, kofia magotini. Hakuna aliyepiga makofi. Meza ya mwenyekiti iko mbele kabisa, na nyuma yake kuna mlango mdogo wa jikoni ambao komeo lake lilikatika zamani. Mimi nikiwa katibu, mahali pangu ni ubavuni mwa meza. Niliogopa, nasema wazi. Shemeji aliketi, akaomba tuanze kwa sala. Watu walipofumba macho, nilinyanyua kiti changu polepole, nikakiweka kati ya mgongo wake na ule mlango.