Ushonaji Umefungwa

Juma lililopita nilipanga foleni kwenye dirisha la usajili la chuo kimoja cha ufundi huku Malindi. Mbele yangu alikuwa bibi mmoja kutoka Ganze, amemleta mjukuuwe ajifunze kushona.

"Ushonaji tumeufunga, nyanya," karani alimwambia kwa upole. "Siku hizi ni kompyuta na umeme, na lazima mtu awe amemaliza sekondari."

Msichana aliinama. Sekondari hakuifikia.

"Mwanangu, chuo hiki kilianza kwa charahani," bibi alisema. "Wakati huo nikiishi hapa Malindi, maji ya kujengea kuta hizi tuliyateka sisi, tukayabeba vichwani, ili watoto waliokosa shule wapate pa kwenda."

"Najua, nyanya. Lakini chuo kimekua."

Bibi aliugusa ukuta kwa kiganja, kisha akamshika mjukuuwe mkono. "Twende zetu. Kumbe tuliwajengea wengine."

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa namtafutia nafasi mwanangu aliyemaliza sekondari, naye akapokewa papo hapo. Nilitoka na furaha niliyoona haya kuionyesha, maana langoni wale wawili walikuwa bado wanangoja gari la kurudi kwao.