Mkwe Aliyekuwa Ofu

Nimeishi miji mingi tangu niondoke mtaa wetu wa Makongeni, na hadi leo nikialikwa kwenye sherehe ya mahari huketi karibu na mlango. Sababu ni Jumamosi moja ya miaka ya tisini, mume wa dada yangu alipokuja kwetu Thika na wazee wake kujadili mahari.

Alikuwa konstebo kule Ruiru, na siku hiyo alikuwa ofu, hayuko zamu, kavaa suti ya kijivu. Kwetu mahari haiendi bila muratina, pombe ya asali, na ya kwetu ilitengenezwa na jirani, mjane tuliyemwita cucu, yaani nyanya. Siku zile kutengeneza pombe bila kibali cha chifu kulikuwa kosa, hata iwe ya sherehe. Cucu alikuwa amemwuliza baba kuhusu kibali hicho. Baba akacheka.

"Kibali cha nini, cucu, na serikali yenyewe ndiyo inakuja kuinywa?"

Sote tulicheka. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kutwa nashinda kwenye malango ya viwanda nikingoja kibarua, na kuwa na shemeji polisi kulinivimbisha kichwa.

Mkwe alikunywa pembe ya kwanza ya muratina, akanywa nyingine, kisha tukaacha kuhesabu. Cucu alipopita akiwaongezea wageni, alimtania: "Polepole, muthoni. Leo huna wa kukamata, usije ukajikamata mwenyewe."

Wanawake waliangua kicheko. Hata wazee wa upande wake walicheka. Yeye hakucheka. Muthoni, yaani mkwe, hapandishi sauti kwa wakwe zake. Hata kumtazama mama mkwe usoni huona haya. Lakini alisimama, akaweka pembe chini.

"Kibali kiko wapi?"

"Kibali gani tena, mwanangu?"

"Mimi si mwanao. Polisi hana ofu. Twende kituoni."

Tulidhani anarudisha utani, mpaka alipomshika cucu mkono. Nilimtazama baba. Ilitosha aseme tu kwamba ni yeye aliyemwambia cucu aendelee. Baba alikuwa anamtazama mbuzi akikatwakatwa. Mahari ilikuwa bado haijakubaliwa.

"Wafuate," akaniambia. "Kusiwe na fujo."

Tukapita katikati ya mtaa, cucu na aproni yake, mkwe na suti yake, mimi nyuma. Watu walitoka madukani.

"Afande," cucu akasema kwa sauti, "ushahidi umeubeba, ama uko huko tumboni?"

Kituoni, sajini wa zamu alimsikiliza mkwe akiwa ameegemea kaunta, kisha akarudi nyuma kidogo kwa ile harufu.

"Wewe uko zamu?"

"Niko ofu, afande. Lakini sheria inasema polisi ni polisi saa zote."

"Kweli inasema hivyo," sajini akajibu. "Basi niandike kwamba polisi amelewa akiwa kazini? Ama wewe ni raia aliyekunywa kwa wakwe zake, na huyu mama aende nyumbani? Chagua."

Mkwe aliuachia mkono wa cucu.

"Na huyu kijana?" sajini akauliza.

"Ni shemeji yangu," mkwe akasema, akaniwekea mkono begani. Nilitaka kuuondoa. Cucu alikuwa ananitazama. Nikauacha pale pale.

Sajini alimwambia cucu aende. Tulirudi mimi naye tu, maana mkwe alibaki akifokewa. Nyumbani walikuwa wanakula.

"Karibu, cucu, kuna nyama," baba akasema bila kuinuka.

Cucu alichukua vibuyu vyake, kimoja bado na pombe, akapita katikati ya wazee. Hakuna aliyemsaidia kubeba. Mimi nilikuwa nimeshapewa sahani.

Wazee waliporudi kumaliza mahari, mama alienda kumwomba cucu atengeneze tena. Cucu alisema mikono inamwuma. Siku iliyotangulia tulikuwa tumemwona akilima shamba lake la mahindi.

Kwa hiyo baba alinunua bia ya chupa. Muda wa kubariki ulipofika aliifungua kwa meno, ikamfokea povu kwenye shati, akaimwaga kidogo sakafuni kwa ajili ya mababu huku wazee wakikohoa. Mkwe aliketi ameinamisha kichwa, mwenye adabu tele. Hakuna aliyeuliza muratina iko wapi.